Buti la Mlimani: Kupima Ugumu na Mkao Kabla ya Kununua Mtumba Tanga

Mtu wa Tanga yuko karibu na milima kuliko anavyodhani. Basi la asubuhi kutoka stendi ya Kange linapita Muheza na Korogwe, linaiacha tambarare pale Mombo, na siku hiyo hiyo unalala Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Amani na Magoroto ni karibu zaidi. Ukishika njia ya Moshi, Kilimanjaro nayo inafikika, na kila mwaka kuna vikundi vinavyopanda kileleni kuadhimisha Uhuru tarehe 9 Desemba. Wengi wa wasafiri hawa hununua buti kwenye mitumba ya Ngamiani, na si vibaya: mabuti mazuri ya Ulaya hupatikana humo. Tatizo ni kwamba huchagua kwa namba iliyo kwenye ulimi na kwa unene wa soli, halafu mlimani kucha zinageuka nyeusi.

Saizi na ugumu ni swali moja, usiyatenganishe. Soli laini hufuata mguu. Kiatu kikiwa kikubwa kidogo, bado hujikunja pamoja nawe. Soli ngumu haifuati. Ukikanyaga, kisigino kinataka kuinuka na buti linabaki chini, na pale vinapoachana ndipo ngozi inaposuguliwa. Kadiri buti lilivyo gumu ndivyo linavyotakiwa kukaa mguuni sawasawa. Kwa hiyo usinunue ugumu usiouhitaji, na ukiununua, usikubali mkao wa kukisia.

Njia yako inataka ugumu gani

Anza na ardhi na mzigo. Njia ya udongo yenye mizizi, kama za msitu wa Amani au ile ya kutoka Lushoto mjini kwenda kutazama Mazinde kutoka Irente, haihitaji buti gumu. Raba nzuri yenye meno chini inatosha, mradi mzigo usizidi kilo 5 au 6. Hapa soli laini ni faida, kwa sababu unyayo unaihisi ardhi na hauchoki kupigana na kiatu.

Safari ya siku kadhaa, tuseme kutoka Lushoto hadi Mtae ukiwa na begi la kilo 8 hadi 12, inataka ugumu wa kati. Mzigo unapokuwa begani, uvungu wa unyayo hushuka na mguu hurefuka kidogo. Soli laini huuacha ushuke kila hatua, na jioni maumivu hukaa chini ya uvungu na kwenye kisigino.

Kilimanjaro inataka soli imara zaidi, ile inayojikunja kidogo tu ukiikaza kwa mikono miwili. Usiku wa kupanda kilele unakanyaga changarawe na mawe yanayoteleza kwa saa nyingi, na soli laini huvilazimisha vidole kung'ang'ania kila jiwe. Kuteremka ni kugumu zaidi: kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi lango la Mweka unashuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku moja na nusu au mbili. Vijana wanaokwenda kubeba mizigo huko waongeze ugumu kidogo tena. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na uzito huo wote unapita kwenye soli.

Watengenezaji wa Ulaya hupanga mabuti kwa herufi kuanzia A, laini kabisa, hadi D, lisilojikunja. A ni ya matembezi, A/B na B ni za milima yetu, C ni ya miamba na theluji ngumu, D ni ya barafu. Njia za kawaida za Kilimanjaro hazihitaji D. Ukivaa D kwenye njia ya udongo, shavu la mguu linachoka upesi, muundi unauma, na kisigino kinapanda na kushuka ndani ya buti siku nzima.

Kuna viatu vinne vinavyowapoteza watu. La kwanza ni buti la kiwandani lenye chuma puani. Ni imara kwa kazi yake, lakini mteremkoni vidole hugonga ukingo wa chuma, na kwenye baridi chuma hicho huvuta joto la vidole. La pili ni gambuti. Halipitishi tope, lakini halina kamba, kwa hiyo hakuna kinachoshika kisigino. La tatu ni buti lenye soli ya tairi iliyobandikwa na fundi. Ni zito na ugumu wake haulingani kushoto na kulia. La nne ni buti la plastiki lenye vifungo vya chuma badala ya kamba. Ukilikuta, hilo ni la kutelezea kwenye theluji. Namba kama 80, 100 au 120 iliyochapwa kwenye shingo yake si saizi, ni kipimo cha nguvu inayotakiwa kukikunja kifundo kwenda mbele, na kila kampuni ina kipimo chake. Saizi yake huandikwa kwa sentimita za mguu, kama 26.5. Soli yake haijikunji hata kidogo. Kazi yake ni kuufunga mguu kwenye ubao wa kutelezea, wala haikutengenezwa kwa kutembea. Liache hata likiwa la bei ya kutupwa.

Pima mguu nyumbani, jioni

Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani huvimba zaidi. Pima jioni, ukiwa umevaa soksi utakayopandia.

Weka karatasi sakafuni, ukingo wake uguse ukuta. Simama, kisigino kiguse ukuta, uzito wote uwe kwenye mguu unaopimwa. Mtu mwingine ashike penseli wima kabisa na aweke alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu si dole gumba. Pima kwa rula hadi milimita. Rudia mguu wa pili. Miguu ya mtu mmoja mara nyingi hutofautiana. Fuata ule mrefu.

Kupata namba ya Ulaya, chukua urefu wa mguu kwa sentimita, ongeza 1.5, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimita 26 unatoa 41.25. Kwa buti la mlimani panda hadi nusu inayofuata au namba nzima, yaani 41.5 au 42. Namba moja ya Ulaya ni theluthi mbili ya sentimita, karibu milimita 6.7. Namba ya Kiingereza ni theluthi moja ya inchi, karibu milimita 8.5. Ndiyo maana hazilingani vizuri, na ndiyo maana sentimita zako ni za kuaminika kuliko lebo.

Sasa upana, na hapa watu wa mwambao wasikilize vizuri. Mguu uliokua pekupeku, kwa kandambili na makubazi, huwa umetanuka mbele, vidole vikiwa vimeachana. Mabuti mengi ya Ulaya yameundwa kwa mguu mwembamba zaidi mbele. Mtu akibanwa ubavuni, muuzaji humpa namba inayofuata, halafu nyingine, mpaka kibano kinaisha. Kwa kufanya hivyo amenunua urefu ili apate upana. Namba ikipanda, upana huongezeka kidogo sana kulinganisha na urefu. Matokeo yake ni buti lenye nafasi ya sentimita 3 mbele, na pale soli inapojikunja hapalingani na pale vidole vyako vinapojikunja. Kwenye soli laini utavumilia. Kwenye soli ngumu, mkunjo ulio mbele mno hukwangua juu ya vidole, na kisigino hakitulii kamwe.

Chora mguu wote kwenye karatasi, ukate umbo hilo, uende nalo sokoni.

Sokoni: kagua kabla hujavaa

Buti la mtumba linaweza kuonekana jipya na likafa siku ya kwanza ya safari. Sababu iko kwenye lile tabaka la povu kati ya raba ya chini na ngozi. Mabuti mengi imara hutumia povu la poliyurethani. Povu hili hushambuliwa na unyevu wa hewa: maji huvunja kemikali zake polepole, na joto huiharakisha kazi hiyo. Hewa ya Tanga ina vyote viwili. Kutolivaa hakulihifadhi; buti lililofungiwa miaka mingi kwenye boksi linaweza kuwa limeoza kuliko lililovaliwa kila wiki. Watengenezaji wengi huhesabu uhai wa povu hilo kuwa miaka 5 hadi 10 tangu kiwandani.

Fanya hivi:

1. Tafuta lebo ndogo ndani ya ulimi au shingoni. Nyingi zina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 04/15. Likiwa limezidi miaka 8, tafuta jingine.
2. Bonyeza povu pembeni kwa ukucha wa dole gumba. Povu zima hubonyea na kurudi. Lililooza huacha shimo, hunata, au humomonyoka kama biskuti.
3. Tazama kwa makini mstari unaokutanisha povu na raba, hasa chini ya kisigino na chini ya vidole. Nyufa nyembamba kama unywele ni mwisho wa buti hilo, hata kama ngozi yake inang'aa.
4. Likunje kwa nguvu mara 20. Sikiliza. Mlio mkavu wa kukatika ni dalili mbaya.
5. Jaribu kuingiza ukucha kati ya raba na pua ya buti. Pakifunguka, gundi imechoka.

Fundi viatu atakwambia atashona soli pembeni na itakaa. Kwa raba iliyobanduka gundi tu, kazi hiyo inafaa. Kwa povu lililooza haisaidii, maana uzi unashikilia unga, na matundu ya sindano yanaingiza maji.

Povu jepesi la EVA, lile la raba za kukimbilia, halimomonyoki hivyo. Lenyewe hulala na kuwa gumu. Ukiona mikunjo mingi iliyobana upande mmoja wa kisigino, limelala.

Ukishamaliza povu, weka mabuti yote mawili mezani na uyatazame kwa nyuma. Yakiwa yameegemea upande mmoja, aliyeyavaa kwanza alikanyaga hivyo, na sasa yatakulazimisha nawe ukanyage kama yeye. Kisigino kilicholika kidogo kwa nje ni kawaida. Kilicholika hadi kuinama kitakupa maumivu ya goti mteremkoni. Ingiza mkono ndani hadi nyuma kabisa: kitambaa kilichotoboka kisiginoni hutoa malengelenge hata buti likikaa vizuri. Kagua kulabu za kamba, kwani hewa ya bahari hula chuma, na kulabu iliyopata kutu hukatika ukiikaza. Mwisho, bonyeza raba ya chini. Raba iliyokauka kama jiwe huteleza kwenye mizizi iliyolowa ya msitu wa Magamba, hata kama meno yake bado ni marefu.

Jaribu ugumu kwa mikono

Shika pua kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine. Kwanza kunja. Buti zuri hujikunja pale tu vidole vinapoanzia. Likijikunja katikati, chini ya uvungu, limevunjika bapa lake la ndani au halikuwa nalo. Bapa hilo, la chuma au nailoni, ndilo linalobeba unyayo. Kisha linyonge kama unayekamua nguo. Raba ya matembezi itanyongeka kirahisi. Buti la Lushoto hadi Mtae litanyongeka kidogo na kurudi. Buti la Kilimanjaro litakataa karibu kabisa.

Jaribu la kushoto na la kulia. Moja likiwa laini kuliko jingine, bapa la hilo limekatika.

Shingo nayo ina ugumu wake. Isukume pembeni kwa kiganja: inapaswa kukataa kwenda kando, lakini ikubali kwenda mbele. Shingo isiyokwenda mbele hukata muundi wakati wa kupanda.

Uzito wako nao uhesabiwe. Soli ambayo mtu wa kilo 55 anaiona ngumu, mwenye kilo 90 na begi anaikunja bila kujua. Kwa hiyo usichukue ushauri wa mwenzio mwenye mwili tofauti na wako.

Sasa vaa

Vaa soksi yako, si ile ya kuazima dukani. Muombe muuzaji kwa upole akupe dakika kumi. Kwenye mitumba mabuti mara nyingi hutundikwa moja moja, kwa hiyo mwambie, "Kaka, naomba na la pili," kabla hamjaanza habari ya bei.

Toa soli ya ndani uisimamie, au linganisha nayo ile karatasi uliyokata. Mbele ya kidole kirefu pabaki milimita 10 hadi 15. Ubavuni mguu usimwagike nje ya soli hiyo. Ukizidi zaidi ya milimita chache, buti ni jembamba kwako, na namba kubwa haitalitibu.

Rudisha soli. Ingiza mguu bila kufunga kamba, usukume mbele hadi vidole viguse pua. Nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja cha mkono. Vikiingia viwili, ni kubwa. Kisipoingia hata kimoja, ni dogo, na usiambiwe kwamba litaachia. Ngozi hutanuka kidogo kwa upana, urefu haubadiliki.

Sasa gonga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, ndipo ufunge kamba. Tembea hatua 50. Kisigino kikipanda chini ya milimita 5, ni sawa kwa buti gumu jipya. Kikipanda zaidi baada ya kukaza vizuri, liache.

Jaribio linalowafichua wengi ni la mteremko. Egemeza ubao imara kwenye tofali moja au mawili, simama juu yake ukitazama chini, halafu piga mguu mbele mara kumi. Vidole visiguse pua hata mara moja. Vikigusa hapo Ngamiani, kwenye mteremko wa saa sita vitagonga mara elfu kadhaa, na damu itavilia chini ya kucha. Geuka utazame juu: kisigino kitulie.

Usikimbilie soksi mbili nene kujaza buti kubwa wala kupasha moto buti dogo. Soksi iliyobanwa hubana damu, na mguu usiopata damu hugandishwa na baridi mapema zaidi. Vidole vinapaswa kucheza ndani ya buti hata usiku wa kilele. Soksi moja nene ya sufi, au nyembamba ya nailoni chini yake, inatosha. Pamba hunyonya jasho na kubaki imelowa, kwa hiyo iache nyumbani.

Kamba zinatengeneza nusu ya mkao

Usikaze kwa nguvu moja kuanzia chini hadi juu. Sehemu ya vidole iwe legevu kiasi. Ukifika penye mkunjo wa kifundo, zungusha kamba mbili moja juu ya nyingine mara mbili, uzivute. Mizunguko hiyo hufunga mvutano pale, na kisigino kinakaa nyuma. Kisha panda kwenye kulabu.

Wakati wa kupanda, legeza kulabu za juu ili muundi upumue. Kabla ya kuteremka, kaa chini, gonga kisigino, funga upya kuanzia katikati, ukaze juu. Dakika mbili hizo huokoa kucha kuliko dawa yoyote. Mfupa wa juu ya mguu ukiuma, ruka tundu moja mahali hapo: kamba zipande wima pande zote mbili bila kukatizana, halafu ziendelee kama kawaida.

Zoesha kabla ya safari

Wiki ya kwanza vaa nyumbani saa moja hadi mbili. Wiki ya pili tembea Raskazone na mjini, kilomita 3 hadi 5, kwanza bila mzigo kisha na begi. Ndipo nenda Magoroto au Amani kutwa. Kwa buti gumu la Kilimanjaro, jumla isipungue kilomita 50, na ziwemo siku mbili za mteremko wa kweli. Mazoezi hayo pia ndiyo mtihani wa mwisho wa povu: likitaka kumomonyoka, limomonyokee Raskazone.

Maumivu yana maana zake. Kidole kidogo kikisuguliwa ubavuni, fundi anaweza kutanua mahali hapo kwa kalibu. Mpelekee buti la ngozi likiwa na alama ya chaki. Ganzi juu ya mguu ni kamba, haina uhusiano na saizi. Moto chini ya uvungu unatokana na soli laini mno kwa mzigo wako, na soli ya ndani iliyo imara zaidi husaidia kwa kiasi. Kisigino kinachochubuka baada ya kilomita 20 na kamba sahihi hakitapona kwa plasta. Buti hilo lina kisigino kipana kuliko chako, liuze. Mahali panapopata joto, simama hapo hapo ubandike plasta kabla lengelenge halijatokea.

Kucha zikate siku tatu kabla ya kupanda, zinyooke, zisiwe fupi hadi nyama.

Kama buti linasemwa halipitishi maji, lijaribu nyumbani: jaza magazeti ndani, lisimamishe kwenye beseni lenye maji yanayofika nusu ya urefu wake kwa dakika 20, halafu uyashike magazeti. Likirudi kutoka msituni limelowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti na uyabadilishe kila baada ya saa chache, ukilianika kivulini penye upepo. Usilisogeze kwenye jiko la mkaa wala juani juu ya bati. Ngozi hupasuka na gundi huachia. Likikauka lipake mafuta ya ngozi kidogo, lining'inize ndani ya chumba kinachopitisha hewa, na usilifunge kwenye mfuko wa nailoni. Liende hata gengeni mara moja kwa wiki.